Modeli ya Dornier Do 31: ndege ya jeti ya kupaa wima, tumeiunga Mtwara

Modeli ya ndege ya Dornier Do 31, ya resini (plastiki ngumu ya kumiminwa), kipimo cha 1/72, imenifikia hapa Mtwara kwa jumla ya shilingi laki mbili na elfu thelathini: bei ya muuzaji, usafiri mpaka Dar es Salaam, na nauli ya mzigo kwenye basi la Kusini. Kwa mshahara wa mwalimu hizo ni hela za kufikiria mara mbili. Sijutii hata senti. Lakini aliyeichonga modeli hii ameacha jambo moja ambalo, kwa ndege hii, ndilo jambo lenyewe, na hilo nitalieleza kwa kirefu kwa sababu anayetaka kununua anapaswa kulijua kabla hajatoa hela.

Nafundisha fizikia sekondari. Niliiagiza kwa ajili ya kidato cha tatu na tumeiunga pamoja jioni baada ya vipindi, kwenye ile meza ya maabara iliyo karibu na dirisha, kwa kuwa resini inataka hewa.

Kwanza ndege yenyewe, maana wengi hawajawahi kuisikia. Do 31 ni ndege ya usafirishaji ya majaribio iliyotengenezwa Ujerumani Magharibi miaka ya 1960 na kampuni ya Dornier. Ilikuwa na injini kumi, zote za jeti. Ilinyanyuka wima kama helikopta, ikageuza nguvu zake angani, kisha ikaenda kwa mabawa kama ndege nyingine yoyote, mpaka kilomita 730 kwa saa. Ndege za kivita za kupaa wima zipo, na helikopta tunazijua. Ndege ya kubeba watu na mizigo, inayopaa wima kwa jeti tupu bila panga wala propela, iliyowahi kuruka ni hii peke yake. Mpaka leo haijapata mwenzake.

Ilizaliwa na hofu. NATO iliamini kwamba vita vikianza Ulaya, viwanja vya ndege vitapigwa kabla ya kitu kingine. Kwa hiyo zikatafutwa ndege za kivita zisizohitaji uwanja, zinazoweza kutawanywa na kufichwa, na Wajerumani wakaanza kutengeneza ya kwao, VJ 101. Sasa ndege iliyofichwa msituni inakula mafuta, inataka risasi, vipuri na mafundi. Vitu hivyo vitafikaje kama uwanja haupo? Do 31 ilitakiwa ijibu swali hilo: ibebe askari 36, au majeruhi 24 kwenye machela, ishuke popote palipo wazi, ipakuliwe kwa mlango wa nyuma, iondoke.

Mtu wa Mtwara au Lindi akisoma hayo hahitaji kuambiwa habari za NATO ili aelewe utamu wake. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga, na mikoa yetu miwili ikabaki upande wa huku wa maji. Mabasi yalisimama, malori yalisimama, watu walilala barabarani. Mzigo wangu huu ninaoueleza ulikuwa Dar wakati huo, ukanisubiri. Ndiyo maana sanduku lilipofika na nikawaambia wanafunzi linahusu ndege gani, swali la kwanza halikuwa la fizikia. Msichana mmoja wa Chikongola aliuliza: "Madam, hii ingeweza kutua Somanga?" Swali lile ndilo lililotuongoza kazi yote, na nitalirudia, kwa sababu jibu lake si la haraka.

Tufungue sanduku. Ni boksi gumu la kawaida, ndani mifuko midogo ya plastiki imetenganishwa vizuri. Resini ni ya rangi ya maziwa yaliyoganda, mistari ya bati imechongwa kwa wembamba unaopendeza, na kiwiliwili kimekuja vipande viwili vilivyokaa sawa bila kulazimishwa. Bawa la kulia lilikuwa limepinda. Hilo ni jambo la kawaida kwa resini, hasa iliyosafiri kwenye joto, na dawa yake ni maji ya moto: lichovye, linyooshe juu ya kioo, limwagie maji ya baridi. Wanafunzi walifurahi kuliona likitii. Kioo cha chumba cha rubani ni plastiki nyembamba iliyobonyezwa, kimoja tu. Ukikikata vibaya huna kingine. Kwa bei hii walistahili kutia viwili.

Maelekezo ni karatasi moja yenye picha na mishale. Anayejua kuunga atayaelewa. Anayeanza atapotea kwenye magurudumu.

Msifanye kosa la kusugua resini kavu. Vumbi lake ni baya kwa mapafu, na darasani una watoto wa watu. Sisi tulitumia msasa wa maji, beseni, na barakoa zilizobaki tangu wakati wa korona. Gundi ni ile ya kawaida ya supa gluu, na unyevu wa pwani yetu unaifanya ishike haraka kuliko maelekezo yanavyodai. Ipake kidogo kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno, weka kipande mahali pake mara moja, usikisogeze tena.

Ikiisha kuungwa ina urefu wa sentimita 29 na upana wa 25 hivi. Ndege halisi ilikuwa na urefu wa mita 20.88 na upana wa mita 18.06. Yaani ilikuwa fupi kwa upana kuliko urefu, jambo ambalo unaliona mara tu ukiitazama kutoka juu: mabawa mafupi, yamekaa juu ya kiwiliwili, na kila ncha ya bawa imebeba kasha refu kama pipa lililolazwa. Chini ya kila bawa, karibu na mwili, kuna kasha lingine nene. Hayo manne ndiyo ndege. Mengine yote ni sanduku la mizigo na mkia.

Ndani ya makasha mazito ya karibu na mwili kulikuwa na injini mbili za Pegasus za Uingereza, aina ile ile iliyozaa Harrier, ndege ya kivita ya kupaa wima. Pegasus ina midomo minne ya kutolea nguvu: miwili ya mbele hutoa hewa baridi iliyosukumwa na feni, miwili ya nyuma hutoa gesi ya moto. Midomo hiyo inazunguka. Ikielekea chini, ndege inanyanyuka. Ikielekea nyuma, ndege inakwenda. Kwenye makasha ya ncha za mabawa kulikuwa na injini ndogo nane za Rolls-Royce RB162, nne kila upande, zimesimama wima, kazi yao moja tu: kusukuma juu. Zilitengenezwa nyepesi mno, sehemu zake nyingine zikiwa za nyuzi za kioo badala ya chuma, hata msukumo wake ukafikia mara 16 ya uzito wake. Mwalimu wa fizikia akisoma namba hiyo anasimama kidogo.

Sasa lile jambo lililoachwa. Modeli inakuja na midomo yote minane ya Pegasus ikiwa imechongwa pamoja na kasha, imeelekea nyuma, haigeuki. Na makasha ya ncha za mabawa yamezibwa juu na chini. Matundu ya injini nane yamechorwa kwa mistari tu, kama milango iliyofungwa. Ukiunga kama maelekezo yanavyosema unapata ndege ya mizigo yenye mapipa manne. Mgeni akiingia maabara ataona kitu kizuri, ataondoka bila kujua kwamba kitu hiki kiliwahi kusimama hewani. Mchongaji ana mkono mzuri, hilo halina ubishi, na mistari yake nimeisifu. Lakini Do 31 isiyogeuza midomo ni nusu ya Do 31, na angeweza kutoa midomo hiyo peke yake kwenye mfuko bila gharama ya maana.

Basi tukakata. Kazi hiyo sikumwachia mwanafunzi hata mmoja. Nilikata mwenyewe kwa msumeno mwembamba wa fundi redio, mdomo mmoja mmoja, nikitenga kila mmoja kwenye kipande chake cha gazeti isichanganyike. Tukatoboa, tukapitisha waya, midomo ikazunguka. Makasha ya ncha tukayafungua juu na chini na kuweka ndani vipande vya mrija wa kalamu, vinne kila upande. Hapo ndipo darasa lilipobadilika. Kijana anayekaa nyuma, ambaye kwa kawaida humsikii, aliishika ndege mkononi, akaelekeza midomo chini, akainyanyua polepole kutoka mezani. Alipofika usawa wa macho akaigeuza midomo nyuma, kidogo, kidogo zaidi, huku mkono wake ukianza kwenda mbele. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa anafanya kile marubani wa Do 31 walichofanya Desemba 1967.

Mfululizo wenyewe ulikuwa hivi. Tarehe 10 Februari 1967 ndege ya kwanza, E1, iliruka kwa injini mbili za Pegasus tu, kwa njia ya kawaida, ili wajue kama inaruka. Ya pili, E2, haikuruka. Ilikuwa ya kupimia uimara ardhini. Ya tatu, E3, ikaruka Julai mwaka huo ikiwa na injini zote kumi. Novemba ikasimama hewani. Desemba ikafanya safari nzima: kupaa wima, kugeuka kuwa ndege ya mabawa, na kurudi kutoka ndege ya mabawa kuwa kitu kinachoelea na kushuka wima. Kabla ya hapo Dornier walitengeneza fremu za chuma zenye injini, hazina mabawa wala mwili, wakazitumia kujifunza namna ya kukiweka sawa kitu kinachosimama juu ya nguzo za moto. Maana ndege ikiwa imesimama hewani, usukani wa kawaida haufanyi kazi. Hakuna upepo unaopita juu ya mabawa wala mkia. Kuinama kushoto au kulia kulirekebishwa kwa kuongeza na kupunguza nguvu za zile injini za ncha. Pua kupanda au kushuka kulirekebishwa kwa hewa iliyobanwa, iliyopelekwa kwa mabomba mpaka mkiani na kutolewa kwa nguvu.

Fikiria pia kutua. Injini nane zimezimwa muda wote wa safari, zimepoa. Ndege inakaribia, inapunguza mwendo, na kabla mabawa hayajashindwa kuibeba lazima zote nane ziwake angani, tena zikubaliane. Kila safari. Nawavulia kofia wale watu.

Ubaoni tulipiga hesabu, na kwangu hii ndiyo thamani kubwa ya modeli. Pegasus moja ya ndege hii ilitoa msukumo wa kilonyutoni 68.9, hivyo mbili ni 137.8. RB162 moja ni kilonyutoni 19.6, nane ni 156.8. Jumla 294.6. Uzito wa juu kabisa wa kupaa ni kilo 27,442. Zidisha kwa 9.81 unapata kilonyutoni 269.2. Msukumo unauzidi uzito kwa 25 na kidogo, asilimia tisa hivi. Wanafunzi wakashangilia: inapaa!

Nikawaambia wazime RB162 moja. Wakatoa 19.6, wakabaki na 275. Bado inapaa, wakasema. Lakini iliyozimika iko kwenye ncha ya bawa, mbali kabisa na katikati, na mmeshasoma momenti, nguvu ya kuzungusha. Upande ule unaanza kushuka. Ili ndege isibinuke lazima upande wa pili nao upunguziwe. Toa 19.6 nyingine: 255.4. Iko chini ya 269.2. Kwa uzito ule, injini ndogo moja kati ya kumi ikigoma, ndege haiwezi kuendelea kusimama hewani. Kimya kilichofuata darasani kilikuwa cha watu walioelewa.

Tukaenda kwenye mzigo. Ndege tupu ilikuwa na kilo 22,453. Toa kutoka 27,442: zinabaki kilo 4,989, kwa mafuta, rubani na wenzake, na mzigo wote. Tani tano pungufu kidogo, na injini kumi zinakunywa kabla haijatoka hata mita moja mbele. Mvulana mmoja ambaye baba yake ana Fuso la kubebea korosho msimu ukifika alizitazama namba zile akasema gari la kwao linabeba zaidi, na linarudi na tangi nusu. Alisema kwa uchungu, kana kwamba ndege ile imemvunjia ahadi.

Hapo nikaona nimlete mjomba.

Mjomba wangu ni zimamoto mstaafu wa viwanja vya ndege. Amefanya kazi hapa Mtwara na Nachingwea, na masikio yake yamelipa gharama ya kazi hiyo, hivyo ukiongea naye unapandisha sauti. Wanafunzi walimpa shikamoo kwa pamoja, akaitikia, akaketi, akaigeuza ndege mkononi kwa muda mrefu bila kusema kitu. Akazungusha midomo chini. Akatia kidole chini ya kasha la ncha ya bawa, pale gesi ya injini nne inapotokea.

"Mjomba," aliniambia, kwa maana mimi na yeye tunaitana hivyo, "hii nani anayeisubiri chini?"

Nikamwambia watu wa kupakua.

"Basi hao wamekufa masikio, na kama uwanja ni wa vumbi wamekufa na macho. Wewe unajua ndege ya propela mbili ikigeuka Nachingwea enzi zile, udongo mwekundu ulikuwa unaingia mpaka kwenye chai. Hii inapiga chini, moto, kumi kwa mpigo. Kokoto zitaruka. Zikiruka zitaenda wapi? Zitaingia kwenye injini hizi hizi, midomo yake ya kuvutia hewa iko wazi juu."

Sikumwambia mimi hayo. Alitazama tu matundu. Na ndivyo ilivyo kwa jeti zote za kupaa wima: gesi ya moto ikigonga ardhi inatawanyika, sehemu yake inapanda tena, injini zinaivuta, na injini inayovuta hewa ya moto inapoteza nguvu wakati ule ule inapozihitaji zote. Lami inaweza kulainika na kung'oka. Majani yanaungua. Mchanga unageuka msasa. Ili ishuke salama inataka sakafu ngumu, safi, iliyofagiwa. Kwa maneno ya mjomba: "Haitaki barabara ndefu, lakini inataka sebule."

Basi Somanga? Yule msichana wa Chikongola alilijibu swali lake mwenyewe, na alilijibu vizuri kuliko ambavyo ningelijibu mimi. Alisema pale barabara ilipokatika kulikuwa na matope na maji, na pale palipobaki na lami ngumu yenye eneo la wazi, palikuwa na malori na watu waliokwama. Huwezi kuwashushia watu jeti kumi vichwani. Helikopta ingefaa zaidi. Akauliza kwa nini, kama zote zinasukuma hewa chini.

Swali kama hilo mwalimu huliombea dua. Msukumo unaupata kwa tungamo la hewa unayoisukuma kila sekunde mara kasi unayoipa. Nishati unayolipa ni nusu ya tungamo hilo mara kasi kwa kipeo cha pili. Kwa hiyo ukitaka msukumo ule ule, unaweza kusukuma hewa nyingi kwa kasi ndogo, au hewa kidogo kwa kasi kubwa, ila ukichagua ya pili unalipa mafuta mengi zaidi. Panga refu la helikopta linashika hewa nyingi na kuishusha taratibu. Tundu dogo la RB162 linashika kidogo na kuifyatua. Do 31 ilichagua kasi kwa sababu ilitaka, ikishageuka, ikimbie kuliko helikopta yoyote ya wakati wake, na hilo ililipata. Kutoka hapa mpaka Dar kwa mwendo wake wa safari wa kilomita 650 kwa saa ungekwenda chini ya saa moja. Lakini ikienda hivyo ilikuwa imebeba injini nane zilizolala, ndani ya makasha mawili makubwa yanayokinzana na upepo njia nzima.

Hicho ndicho kilichoimaliza, pamoja na fedha na siasa. VJ 101, ndege iliyokusudiwa kuhudumiwa na Do 31, iliachwa 1968. Mwaka 1969 E3 ilipelekwa kwenye maonyesho ya ndege ya Paris, na katika safari hiyo ya kutoka Ujerumani ikaweka rekodi kadhaa za dunia za aina yake. Aprili 1970 mradi ukafungwa, na mwezi uliofuata, tarehe 4 Mei, ikaruka mbele ya watu kwa mara ya mwisho kwenye maonyesho ya Hannover. Dornier walikuwa na mchoro wa ndugu yake mkubwa wa abiria 100, Do 231, ashuke katikati ya miji. Ulibaki mchoro. Hii ni kampuni ambayo mwaka 1929 ilirusha ndege ya majini yenye injini 12, Do X, kwa hiyo kuogopa wingi wa injini haikuwa tabia yao. E1 iko Friedrichshafen kwenye makumbusho ya Dornier, na E3 iko Schleissheim karibu na München. Mwanafunzi wangu yeyote atakayefika huko siku moja nataka anipigie picha ya chini ya kasha la ncha ya bawa, si ya pua.

Wapo watakaosema ndege iliyoshindwa haifai kufundishia. Naipinga hoja hiyo kwa nguvu zote. Do 31 ilifanya kila ilichotakiwa kufanya angani. Haikushindwa kupaa, haikushindwa kugeuka, haikushindwa kutua. Ilishindwa kwenye hesabu ya nini kinabaki ukishalipia kupaa, na mtoto wa kidato cha tatu anaweza kuifanya hesabu hiyo kwa chaki. Ni ndege chache zinazokuonyesha ukweli wote wazi namna hii, tena kwa macho: unazihesabu gharama zake zikiwa zimening'inia kwenye mabawa.

Turudi kwenye bidhaa. Stika za maji ni nzuri, zinateleza vizuri na kukaa, ila zimewekwa za E3 peke yake, namba D-9531. Anayetaka E1 ilivyoruka mara ya kwanza, bila makasha ya ncha, atajichapishia D-9530 mwenyewe. Magurudumu ni imara. Pua ni nyepesi mno, na ndege inakaa kwa mkia ukiiacha hivyo. Maelekezo yanasema utie uzito bila kusema kiasi gani. Sisi tulinunua chubwi za mishipi kwa wauza zana za uvuvi kule feri, tukazipanga nyuma ya chumba cha rubani kabla ya kufunga kiwiliwili, tukijaribu kwanza kwa plasta. Chubwi hizo ni za madini ya risasi, mzishike kwa glavu na mnawe mikono. Rangi tulitumia ya kopo la kupulizia, tabaka nyembamba, asubuhi kabla unyevu haujapanda.

Ninampa mchongaji sifa zote kwa kiwiliwili, mistari na makasha. Kwa midomo iliyogandishwa na matundu yaliyozibwa simpi kitu, na nimemwandikia muuzaji kumwambia hivyo. Kwa mtoto mdogo usinunue. Kwa anayeunga kwa mara ya kwanza usinunue pia, anza na ya plastiki. Kwa maabara ya shule yenye mwalimu mwenye subira, nunua, hata kama itabidi mchange wawili.

Kwa atakayekata midomo kama sisi: waya wa kubania karatasi, unyooshe. Tundu la milimita moja kwenye kasha, na lingine la kina cha milimita tatu kwenye mdomo. Gundi upande wa mdomo tu. Upande wa kasha uache mkavu, na upitishe waya mmoja kutoka mdomo wa kushoto mpaka wa kulia ili igeuke pamoja, kama ilivyokuwa kwenye injini yenyewe. Mbele kwa mbele, nyuma kwa nyuma. Paka rangi kabla ya kuunganisha, kwa sababu rangi ikiingia kwenye tundu inakaza na utalazimika kutoboa upya.